Bawa la Kuku na Mkono wa Mume Wangu

Wenzangu tuliomaliza pamoja Kidato cha Nne, leo nimemshika mume wangu mkono mbele ya baba mkwe, na siombi radhi!

Mzee alikuja hapa Mlandege kutoka Idodi kumkataza mwanawe kufundisha somo la mageuko ya viumbe.

"Ati mtu na kuku wana asili moja? Liache somo hilo, au usiniite baba."

Kipenzi changu akainama tu.

Basi nikalichambua nyama bawa la kuku niliyempika. Kisha nikamkunjia mume wangu mkono wa shati. Mama mkwe, aliyefuatana na mzee, akaziba macho kwa aibu!

"Baba, juu mfupa mmoja. Chini yake miwili. Kisha vifupa vya kifundo, kisha vidole. Bawani mpangilio ni uleule. Ndege ana haja gani na vidole, kama hakuvirithi?"

Mzee akacheka. "Haya, mwalimu wa mwalimu, kidole gumba kiko wapi?"

Nikamwonyesha kile kifupa kinachochomoza pembeni.



Mzee akaisogeza kando firigisi, kipande cha heshima alichowekewa yeye. "Nipe bawa la pili."

Alipomaliza, akaipanga mifupa kwenye sahani, akamwambia mwanawe, "Kesho usichelewe darasani."

Ule mkono sijauachia hadi sasa. Ninyi mngeuachia?