Muhuri wa Ke Bing-huang

Tarehe 14 Machi 2019, siku ya Alhamisi, ofisi ya Ke Bing-huang mjini Gangshan ilikuwa na watu watano wenye ruhusa ya kugonga muhuri kwenye vyeti vya mashine zinazovuta bolti ili kupima nguvu zake, na Ke alijua kwamba hesabu hiyo haitadumu. Kiwango kilikuwa kimerekebishwa. Utaratibu mpya wa ofisi uliagiza mashine ihakikiwe hata kwa mizigo midogo, ambayo zamani waliiruka, na kila mwenye muhuri atazamwe akiwa kazini kabla ya kuruhusiwa kuendelea.

Ke alikuwa na miaka sitini na mmoja, na zaidi ya nusu ya umri huo alikuwa ameitumia akizunguka viwanda vya bolti. Hakuwa na kazi nyingine wala hakuitaka. Asubuhi hiyo Xu Pei-zhen, msimamizi wa ubora na mmoja wa wale watano, binti aliyefundishwa kazi na Ke mwenyewe na aliyemwita mjomba kwa heshima, aliingia katika gari lake bila kualikwa, akidai anakwenda kumsaidia kubeba. Moyoni Ke alisema kikulacho ki nguoni mwako. Alipokwisha kuegesha kiwandani kwa Bosi Su, binti alikuwa ameshaingia ndani na sanduku la kipimo cha rejea, kile ambacho mashine zote hulinganishwa nacho.

Walianza na mizigo midogo. Namba hazikutulia. Mzigo ulipoondolewa, kioo cha mashine kilikataa kurudi kwenye sifuri. Kilitambaa kama konokono. Ke alilitupia jicho sanduku, kisha akamtupia binti. Alikifungua kipimo chake, akakikagua pande zote, akakijaribu peke yake: kilikuwa kizima. Basi shaka ikahama. Mashine hii aliipitisha yeye mwaka uliotangulia. Kumbe ameletwa aumbuliwe mbele ya muhuri wake mwenyewe!

Aliweka kiganja juu ya kabati la umeme la mashine. Lilikuwa la moto kama sufuria ya wali. Nyuma yake, kwenye matundu ya kupitishia hewa, ulikuwa umesokomezwa mfuko wa kijani wa bisi tamu, ule ambao wafanyakazi wa huko huiwekea mashine kama hirizi ili iwe na adabu. Dada Chiu, mwendesha mashine, alieleza kuwa wakaguzi walimwamuru aondoe kila kitu juu ya kabati, naye akautafutia mahali usipoweza kuanguka.

"Kaka Ke, usiuguse. Mashine itanuna."

"Imeshanuna, Dada Chiu. Umeiziba pua."

Dada Chiu alikubali mfuko uhamishiwe dirishani, baada ya kuhakikisha kuwa bisi hazijapitwa na tarehe. Ke akasema joto ndilo linalozivuruga namba, kabati liachwe lipoe, kazi irudiwe kesho.

Hapo Bosi Su aliingia, akampa chai Pei-zhen kwanza, jambo ambalo halikumpita Ke. Bosi alilalamika kuwa shehena yake inaondoka alasiri, na mteja wake hatapokea bolti hata moja bila cheti cha mashine. Kiwandani humo, alisema, hakuna anayevuta bolti kwa mizigo midogo hiyo.

"Mwaka jana uligonga, ukala supu yangu ya mbuzi, ukaenda zako. Leo umeona jini?"

Pei-zhen alikuwa akitazama viatu vyake. Ke aliona mitego miwili: akikataa, Bosi atamshtaki ofisini, akikubali, binti yuko hapo kushuhudia. Hakujua ni upi uliotegwa kwa ajili yake. Alishika jambo moja tu aliloweza kuliapia, kwamba sifuri ya mashine ile haikuwa sifuri.

"Kesho, Bosi. Leo sigongi."

Walikuwa wamekwisha kutoka langoni Pei-zhen alipofungua kinywa.

"Mjomba, mimi ndiye niliyemwomba Bosi akubane."

"Na bisi?"

"Bisi sikuzijua."

Ke alimtazama kwa muda mrefu hata gari la nyuma likapiga honi. Hakumsadiki, wala hakupata sababu ya kutomsadiki.

"Na wenzangu?"

"Kila mmoja kwa zamu yake."

Ikawa hivyo. Hadi mwisho wa Aprili, wawili walikuwa wamegonga pale walipobanwa, wakanyang'anywa mihuri. Wa tatu alistaafu kabla ya kutazamwa. Waliobaki ni Ke Bing-huang na Xu Pei-zhen. Jumla, wawili.