Bomba la Kando ya Cherehani

Mke wangu alikuwa fundi cherehani. Watu walimwita Mama Pindo, kwa sababu pindo alilolishona yeye halikufumuka. Nguo ilichakaa, pindo likabaki.

Uzeeni figo zikamchoka. Akawa anakwenda hospitali kusafishwa damu kwa mashine. Akirudi, miguu si yake. Akisimama ghafla presha inashuka, macho yanaingia giza. Nesi akamwambia mbele yangu:

"Bibi, usikurupuke. Kaa kwanza, pumua, shika kitu, ndiyo usimame. Figo zimekula mpaka mifupa. Ukianguka, nyonga hiyo."

"Nimesikia, mwanangu."

Kusikia alisikia.

Shida ilikuwa hodi. Mke wangu hakuwahi kumpokea mteja amekaa. Mtu hajamaliza kupiga hodi, yeye ameshasimama, anacheka, anayumba.

"Kaa!" nasema.

"Nimkaribishe mtu nimekaa, mimi malkia?"

"Malkia haanguki ovyo."

"Umeanza lini kuwajua malkia, wewe?"

Mimi kazi yangu ilikuwa kuchomelea vyuma. Nikakata bomba, nikalifunga ukutani kando ya cherehani, usawa wa mkono wake. Nikaning'inia hapo mwenyewe kulijaribu. Halikutikisika. Kesho yake naingia, limejaa magauni ya wateja.

"Mama, hili la kushika!"

"Nafasi ipo, mzee wangu. Na nguo hazikunjamani. Ahsante sana."

Nikazitoa. Akazirudisha. Nikapigilia misumari ukuta wa pili, nikazihamishia huko.

"Mbali," akasema. "Kila nikitaka nguo niinuke? Si mmesema nisisimamesimame?"

Nguo zikarudi kwenye bomba.

Nikamwita binti yetu amkanye. Akaja, akanikanya mimi.

"Baba, mwache mama ashone. Akikosa kazi atakufa."

"Na akianguka?"

Akaenda kumtungia mama yake uzi sindanoni. Nikasema sikio la kufa halisikii dawa. Heri ningeumeza ulimi.

Siku moja mke wangu alikuwa ametoka kwenye mashine. Nikamwambia alale. Akasema Mwalimu, jirani yetu, anafuata gauni lake la hariri, limebaki pindo tu. Nikaenda jikoni kumpimia maji ya kunywa, maana hata maji alipimiwa. Nikasikia hodi. Nikasikia "Karibu, Mwalimu!" Kisha kishindo.

Mwalimu aliona yote. Anasema mke wangu alisimama, akayumba, mkono ukaenda kwenye bomba, palepale nilipotaka uende. Ukashika hariri. Hariri ikateleza, akaenda nayo chini.

Nilimkuta sakafuni, gauni mkononi.

"Mwalimu, uniwie radhi," anasema. "Pindo bado."

Nyonga hiyo. Nyumbani hakurudi tena.

Binti yetu amegawa nguo zote kwa wenyewe. Gauni la hariri Mwalimu alilichukua vilevile, pindo halijashonwa. Anasema hatampa fundi mwingine. Shauri yake.

Jioni Mwalimu huja kunijulia hali. Anapiga hodi, naona aibu kumpokea nimekaa. Magoti yangu nayo yamechoka. Basi nalishika bomba, nainuka taratibu. Sasa ni tupu, mkono unapita popote.

Halitikisiki hata kidogo. Hilo ndilo linaloniudhi.