Mkono Uliobaki Kwenye Kadi

Dereva wa bodaboda alizunguka mtaa mara mbili akitafuta geti jeusi, kisha akazima pikipiki.

"Dada, nyumba ndo hii. Geti hakuna."

Mbagala Kizuiani sikuwa naijua hata kidogo. Nilikuwa na begi moja na maelekezo ya rafiki: geti jeusi, nyuma ya msikiti, chumba cha uani kinapangishwa. Mbele yangu palikuwa na mlango wa mbao tu, na nyuma yake mlio wa mashine ndogo iliyovuta kitu na kukitema, ikakivuta tena.

"Hodi!"

"Karibu. Mwanamke au mwanaume?"

"Mwanamke."

"Basi pita. Ungekuwa mwanaume tungeongea hivyohivyo mlango umefungwa. Mie niko eda."

Bi Naima, mwenye nyumba, alikuwa amekaa sakafuni, nguo nyeupe, bila bangili wala wanja. Nikamwamkia. Akaitika marahaba na kuniuliza nani aliniambia habari ya geti. Nilipomtaja rafiki yangu, alicheka kidogo.

"Huyo alielekezwa na marehemu. Jabiri wangu alikuwaga akilisema geti kama lipo. Miaka sita analisema. Mwanangu, wewe umeelekezwa kwa ahadi."

Zilikuwa zimebaki siku sita Ramadhani iishe, na siku ishirini na sita eda yake iishe. Jabiri, mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi, alifariki akiwa nyumba kubwa Kinondoni, kwa mke wake wa kwanza, Wahiba. Maziko yalitoka huko. Naima, mke mdogo kwa miaka ishirini na mbili asiyejaliwa mtoto, alipigiwa simu. Tangu siku hiyo hakuvuka kizingiti, kwani mjane wa Kiislamu hukaa ndani miezi minne na siku kumi.

Mashine ile ilikuwa ya kuchapia picha, ndogo kama kopo la biskuti. Jabiri aliagiza kwa rafiki yake aliyekuwa Dubai, ili Naima asikae bure. Idd zote Naima ndiye aliyekwenda kwa watu. Safari hii haendi popote, kwa hiyo alikuwa anachapa kadi.

Nilichukua chumba cha uani, na jioni zile nilikaa naye kumsaidia kukunja manila. Karatasi huingia kwenye mashine na kutoka mara nne. Mara ya kwanza inatoka na manjano matupu, na mtu anaonekana kama mgonjwa wa ini. Mara ya pili unakuja wekundu, ya tatu bluu, na hapo uso unakamilika. Mara ya nne inapakwa ngozi nyembamba ya kuzuia maji. Bi Naima alikuwa akiizuia kwa kiganja kila inapochungulia, kama mtu anayemtuliza mtoto.

Picha ilikuwa moja kwa wote: Jabiri akicheka, kofia imekaa upande, joho begani.

"Kucheka kwake kulikuwa kwa nadra," alisema. "Hapa yuko harusini kwa binti yake, alinitumia mwenyewe. Bi mkubwa amekaa ubavuni. Nimemkata huku kwenye simu."

"Kwa nini usitumie nyingine?"

"Hizo za kwangu zote kanuna. Alikuwa akija huku amechoka."

Hakulisema kwa uchungu. Alikata vipande vya pembeni vya karatasi, akavipanga kwenye bakuli.

Kadi ilikwenda na sahani ya vileja mikononi mwa watoto wa mtaa, na sahani, kwa desturi yao, hairudi tupu. Chini ya picha aliandika: *Idd njema kutoka nyumba ya marehemu Jabiri. Tuombeane.* Alipofika kwenye kadi ya Wahiba kalamu ilisimama.

"Siwezi kumwandikia 'kutoka nyumba ya marehemu'. Na yeye yumo humohumo." Akaniangalia. "Wewe umetembea, unajua maneno ya watu. Huko wanaandikiana nini?"

Nimejifunza salamu za lugha saba. Nikamwambia mahali pengi watu huandika kwamba wamekumbukana.

"Kumkumbuka vipi? Sijapata kumwona ana kwa ana. Jabiri alikuwaga akisema, iko siku nitawakutanisha."

"Kama geti."

"Kama geti!" Alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya mtandio, na macho yakaendelea.

Mwishowe aliandika: *Siku zetu zinaisha siku moja. Naima.* Asubuhi ya Idd niliipeleka Kinondoni mwenyewe. Binti wa Wahiba alipokea sahani mlangoni, akashukuru, akafunga. Nyuma yake, kwenye ukumbi wa giza, niliona nguo nyeupe ikipita.

Niliporudi, jirani yetu Zubeda alikuwa amewahi. Alisimama katikati ya chumba, kadi mkononi.

"Shoga, hongera! Eda gani hii ya hina?"

"Hina gani?"

"Hii hapa! Mkono begani kwa marehemu, umechorwa mpaka kwenye kucha. Kadi arobaini umezimwaga mtaani, watu wanasema Naima kajipamba na picha kapiga!"

Bi Naima aliichukua kadi, akaisogeza dirishani. Kwenye simu, na kwa taa ya jioni, ule mkono ulionekana kama nakshi ya joho. Kwenye karatasi, kwa mwanga wa mchana, ulikuwa mkono wa mwanamke, umetulia begani kwa Jabiri kana kwamba umewekwa hapo kila siku.

"Sio wangu," alisema taratibu. "Wa Wahiba." Kisha akanigeukia. "Umeshampa?"

"Nimeshampa."

Akakaa. Zubeda naye akaanza kuufunga mtandio wake upya bila sababu.

"Nimemkata kichwa bi mkubwa, nikamwachia mkono," alisema Bi Naima. "Halafu nikamtakia Idd njema."

Sahani zilirudi. Zubeda aliirudisha ya kwake siku ileile, na ubwabwa juu. Nyingine zilirudi na tambi, na kaimati, na kipande cha keki, pamoja na utani wa hina ambao Bi Naima aliujibu kwa kila mtu, kwa maneno yaleyale. Ya Kinondoni haikurudi. Wiki ya kwanza aliisikiliza kila pikipiki iliyopita. Wiki ya pili akaacha kuitaja, lakini kwenye kabati la vyombo nafasi ya ile sahani hakuijaza. Mashine aliifunika kwa khanga. Jioni, nikiwa chumbani kwangu uani, nilisikia kijiko chake kimoja kikigonga bakuli.

Ilibaki siku moja eda iishe. Suleiman, mkwe wa Wahiba, aligonga, akaiacha sahani kizingitini, akasema kwa mbali, "Shikamoo mama. Mama Kinondoni amekutumia sauti kwenye simu."

Sahani ilikuwa na halua. Bi Naima aliisikiliza ile sauti amesimama. Ilikuwa nzito, ya mtu asiye na haraka.

"Naima, nimekaa na kadi yako wiki tatu. Siku ya kwanza niliitupa. Siku ya pili nikaiokota, maana mie huku picha yake anayocheka sina, simu yake ilipotea hospitali. Mkono ni wangu, kichwa umekula wewe. Sasa, kesho tunatoka. Njoo na hicho kimashine chako unichape mtu mzima. Na wewe ukae upande wa pili, tuone pa kukuweka."

Aliirudia mara tatu. Mara ya tatu alikuwa amekaa.

Asubuhi aliyotoka eda alioga, akavaa buibui, akaifunga mashine kwenye khanga na pakiti mbili za karatasi. Kizingitini alisita, kama anayeingia maji asiyojua kina chake.

"Mgeni, nyumba nakuachia. Sijui nitarudi leo au kesho."

"Nitakuwepo."

Alikwenda bila kugeuka, furushi amelikumbatia. Nilirudi ndani. Mezani pale mashine ilipokaa palibaki mraba usio na vumbi, na bakuli la vipande vyeupe vya karatasi. Nilivihamisha nikavirudisha. Mchana kulikuwa na hodi. Zubeda.

"Naima yupo?"

"Hayupo," nilisema. "Ametoka."