Miaka Tisa ya Mama Pindo

Mama Pindo alikuwa fundi cherehani, na jina hilo alibandikwa na wateja wake. Kila gauni la mtoto lililotoka mikononi mwake lilikuwa na pindo la vidole vinne, limeshikizwa ndani kwa uzi mwepesi, ili mtoto akirefuka gauni nalo lishushwe. Mafundi wenzake walimtania kwamba anajiharibia kazi, maana wateja hawatakuwa na sababu ya kurudi mapema. Yeye aliendelea kukunja.

Aliishi katika vyumba viwili vya chini kwenye jengo la ghorofa tatu. Jengo lilikuwa mali ya shirika; yeye na mumewe walipewa vyumba hivyo kwa mkataba wa miaka hamsini. Muda ukiisha bila kuongezwa, nyumba inarudi kwa wenyewe na aliyemo anafungasha virago. Walipotia saini walikuwa vijana, wakaiona hamsini kama haina mwisho. Sasa mume alikuwa marehemu, mkataba ulibakiwa na miezi minane, na siku ya mwisho ya kupokea maombi ilikuwa Ijumaa.

Jumatatu alipeleka fomu ya kuongeza muda kwenye ofisi ya shirika. Karani wa mikataba, mwanamke mnene aliyepandisha miwani kwenye paji la uso, aliisoma mpaka katikati, akaishusha miwani, akasoma tena.

"Mama, hapa penye miaka unayoomba umeandika tisa."

"Ndiyo, mwanangu."

"Tisa kwa hesabu gani?"

"Mimi nina sitini na minane. Mama yangu aliondoka duniani akiwa na sabini na saba. Nimejipimia."

Karani alijikaza asicheke, akashindwa. "Mama, hii ni nyumba, si sare ya shule! Hapa hatuongezi chini ya thelathini."

"Thelathini! Nitakuwa na tisini na minane. Nitaifanyia nini?"

"Si lazima uwe wewe. Kwani huna watu?"

Mama Pindo alikunja risiti moja ya zamani aliyokuwa nayo mkononi, akaikunja tena, mpaka ikawa haikunjiki.

"Wapo," akasema.

"Basi kaa nao, mshauriane. Uniletee kabla ya Ijumaa saa kumi. Ukichelewa, sina la kukusaidia."

Kaa nao. Maneno hayo alitembea nayo hadi nyumbani. Pale mezani palikuwa na viti viwili, na kile cha marehemu sasa kiliwekewa vitambaa. Redio ilishinda imewashwa, si kwa ajili ya habari, bali apate sauti ya mtu. Tena alikuwa na tabia ambayo hakumwambia yeyote: tangu amzike mumewe, kila akirudi alibisha hodi kwanza, ndipo akatia ufunguo.

Alimpigia mwanawe wa pekee, aliyehamia nchi ya mbali.

"Shikamoo, mama. Nipo kazini, kuna nini?"

"Marahaba. Ni habari ya nyumba. Wanataka niandike miaka thelathini, na mimi sitaimaliza. Nikasema nikuulize."

Nyuma ya mwanawe mtu alikuwa akimwita.

"Fanya unavyoona, mama. Mimi nimeshakuwa mtu wa huku."

"Na mjukuu wangu?"

"Aa, huyo karefuka huyo! Jioni nitakupigia umsikie."

Jioni simu haikulia. Jumanne haikulia. Jumatano aliiweka kando ya cherehani, akapunguza redio, asije akaikosa.

Alhamisi alikuwa anamalizia gauni la mjukuu huyo. Kila mwaka alimtumia moja. Hakuwahi kumpima, wala hata kumshika mkono. Alikata kwa kukisia, kisha akaacha pindo. Kama magauni hayo yalivaliwa, hakuna aliyemwambia. Aliweka vidole vinne juu ya kitambaa, kama kawaida, akatia alama kwa chaki. Mkono ukasimama hapo. Akalitazama gauni kwa muda, akaliweka chini, akaitafuta fomu.

Ijumaa asubuhi alikuwa wa kwanza dirishani.

"Thelathini!" karani akachangamka. "Hayo ndiyo maneno. Kwa hiyo mwanao anarudi?"

"Hajasema."

"Wajukuu, basi?"

"Ninaye mmoja. Naye hajasema."

"Sasa hii ishirini na moja ya juu ni ya nani, mama?"

"Hiyo ni pindo."

Safari hii karani hakucheka. Aligonga muhuri, akaandika tarehe taratibu, akampa nakala yake kwa mikono miwili.

Mama Pindo alifika nyumbani jua halijapanda sana. Akagonga mlango. "Hodi," akasema, akasimama kando kidogo, kama asimamavyo mgeni mwenye adabu. Akasubiri zaidi ya siku zote. Kisha akatia ufunguo.