Sentensi Moja ya Katibu

Ukifika Laini Saba, Kibera, ukauliza Nashon Osewe ni nani, watu watakukodolea macho. Uliza Katibu. Hapo utaonyeshwa kibanda cha mabati, hatua chache kutoka reli, chenye kompyuta mbili, printa inayokohoa na kiti cha plastiki cha mteja. Miaka kumi na mmoja Nashon alikuwa katibu wa kanisa, na muda huohuo alikuwa mkono wa mtaa mzima. Barua ya kuomba kazi, ya kumsihi mwenye nyumba, ya kumtuliza mkwe, zote zilipita kwenye vidole vyake. Wateja wake wengi hata barua pepe zao aliwafungulia yeye, na maneno yao ya siri yamo kwenye daftari lake jekundu, kila mtu na ukurasa wake. Hakuna aliyeona ubaya. Mtu anakuja, anakaa, anamwomba aangalie kama wamejibu, naye anafungua na kumsomea.

Sasa mtu wa namna hiyo akinyimwa kura, weh, usikae karibu naye.

Jumapili ya uchaguzi wa kanisa, Simeon fundi wa viatu alimshinda kwa kura nne. Na Adhis, mjane, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, ambaye mtaa unamwita Mama Trizah, aliinua mkono upande wa Simeon mpaka kwapa likaonekana. Wala hakujificha. Baada ya ibada alimfuata Nashon na kumwambia kwamba amechoka kusomewa kumbukumbu za mkutano kama mtoto anayegombezwa, na kwamba ukatibu ulikuwa umeanza kumpanda kichwani. Nashon alicheka kicheko cha meno tu. Nyumbani hakugusa chakula.

Jumanne akaandikiwa na shule ndogo ya chekechea kule kwenye maghorofa ya Nyayo Highrise. Adhis alikuwa ameomba kazi ya kuwapikia watoto. Miaka sita amewafulia watu nguo kwenye maghorofa hayohayo, na vidole vilikuwa vimeanza kukataa maji ya baridi. Kazi hii ndiyo ingemtoa kwenye karai. Kwenye fomu, mahali pa kuandika mtu wa kushuhudia tabia yake, aliandikisha jina la Nashon. Fomu yenyewe ni Nashon aliyemjazia, mwezi mmoja kabla ya uchaguzi. Mwalimu mkuu, Bi Wakarima, alitaka kujua huyu mama ni mtu wa aina gani.

Angeweza kunyamaza, jamani. Angeweza kuandika mistari miwili akaendelea na siku yake. Lakini mtu anayejua kuandika akikasirika hatukani, anasifu. Alimsifu Adhis kwa usafi, kwa kuwahi kazini, kwa uji usio na madonge. Kisha akaongeza sentensi moja, kwamba zaidi ya yote anampongeza kwa jinsi anavyojitahidi kuacha pombe.

Adhis hajawahi kuonja pombe maishani mwake. Hata dawa ya kikohozi huuliza kwanza kama ina kileo.

Alipotuma, chini ya skrini kikatokea kile kitufe cha kuirudisha barua, kinachokaa sekunde chache tu. Nashon alikiangalia. Alikiangalia mpaka kikapotea, na ukweli usemwe, alisikia raha.

Raha yenyewe haikulala hata usiku mmoja ikaamka nzima. Jumatano asubuhi Adhis aliingia kibandani na sahani ya omena iliyofunikwa vizuri. Shule ilikuwa imempigia simu kumwambia barua ya shahidi wake imefika, naye alikuja kushukuru. Nashon aliguna tu, macho kwenye skrini.

"Katibu," Adhis alisema, "kura sikukupa, na hata kesho singekupa. Lakini kwa barua sijui mkono mwingine kama wako. Huo haujawahi kunidanganya."

Alipotoka, aibu ilimshika Nashon. Ile omena hakuweza kuimeza. Saa nne akafunga kibanda, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata akiwa na malaria, akaenda Kawangware, kwenye kituo cha 46, kwa Marvin, kijana fundi aliyemuuzia zile kompyuta. Huko nako akadanganya. Alisema kuna mteja wake ametuma barua vibaya na anataka kuirudisha. Marvin, ambaye alikuwa amefungua simu ya mtu mezani, hakuinua hata kichwa. Alisema sekunde zile zikipita barua imeenda, hata yeye hawezi kuigusa, na huyo mteja afanye kitu kimoja tu: apige simu aseme amekosa.

Simu! Nashon aseme kwa mdomo wake mwenyewe kwamba alimsingizia mjane? Hakuweza. Akatoa simu papo hapo, akaandika barua ya pili ya kumwomba Bi Wakarima asiijali ile ya kwanza, kwamba ilikuwa inamhusu mtu mwingine na ilitumwa kimakosa. Akarudi Kibera akijiambia amepangusa. Masikini! Ukimwambia mtu asisome kitu, umemtafutia miwani.

Ijumaa Adhis akaja, akakaa kwenye kiti cha plastiki, akasema shule imemjulisha kwamba kuna barua kwenye email yake. Nashon akafungua daftari jekundu, akapata ukurasa wake, akaingia. Bi Wakarima alikuwa amebandika barua zote mbili. Aliandika kwamba shahidi wake amejipinga mwenyewe, na kabla ya kuamua, shule inataka kusikia kutoka kwake habari za hiyo pombe.

Yote yalikuwa kwa Kiingereza, na Kiingereza cha Adhis kinaishia kwenye salamu. Nashon angeweza kuifuta. Angeweza kumwambia wanasema asubiri, halafu amjibie mwenyewe, na dunia ingezunguka kama kawaida. Alifungua mdomo kusema hivyo hasa. Lakini mama wa watu alikuwa ameinama mbele, mikono iliyopasuka juu ya magoti, akimtazama mdomoni kama mtu anayengoja kupewa maji. Uongo ukamkwama. Akasoma yote, ya shule na ya kwake. Alipofika kwenye ile sentensi sauti ikashuka, na Adhis akamwomba aisome tena.

Akaisoma tena. Nje, fundi wa sufuria aliendelea kugonga bati.

"Ni wewe uliandika?"

"Ni mimi."

"Kwa sababu ya kura?"

Nashon aliitikia kwa kichwa. Alitamani ardhi ipasuke immeze na kompyuta zake. Akaomba msamaha, na Adhis akamwambia msamaha utakuja siku yake; kwa sasa aandike.

"Andika vile nasema," alisema. "Usiongeze, usipunguze. Sema pombe sijawahi kuonja. Sema aliyewaandikia ni jirani yangu, alikasirika juu ya kura ya kanisa. Sema hata hii ni yeye anaandika, kwa sababu mimi sijui kompyuta na sina mwingine."

Mikono iliyoandika barua za mtaa mzima iliandika mistari minne, neno kwa neno. Akaituma. Kitufe kikatokea chini ya skrini, na Adhis akauliza hicho ni nini. Akamweleza.

"Na siku ile, ulikiona?"

"Nilikiona."

Adhis alivuta daftari jekundu, akachana ukurasa wenye neno lake la siri, akaukunja na kuufunga kwenye pindo la leso. "Asante, Nashon," akasema, akatoka. Siku zote, hata baada ya uchaguzi, alikuwa akimwita Katibu.

Kazi alipata. Simeon ndiye aliyeenda kumshuhudia, kwa miguu yake. Ilimchukua Nashon wiki mbili kupata miguu ya namna hiyo. Asubuhi moja, saa moja haijafika, alisimama kwenye geti la shule ili aseme kwa mdomo alichokuwa ameshindwa kukisema. Hapo ndipo alipomwona Adhis kwenye mlango wa jikoni, bado hajavaa aproni. Mama wa ofisini alimsogelea, Adhis akafungua mdomo na kumpumulia usoni. Yule mama akanusa, akaitikia kwa kichwa, ndipo Adhis akaruhusiwa kuingia.

Nashon alimweleza Bi Wakarima kila kitu, bila kujitetea. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nakuamini, mzee," alisema. "Lakini hawa ni watoto wa watu. Kitu nikishakisikia siwezi kujifanya sikukisikia."

Nashon akitoka alipitia karibu na jikoni. Adhis alikuwa anakoroga uji. Alimwona, akamsalimia vizuri tu, huku ameziba mdomo kwa kiganja.