Mkia wa Upande Mmoja

Sukari ilikuwa imefungwa kwa ukurasa wa gazeti la Kizungu. Mwaka ule wa bendera mpya Wazungu wengi wa Diani walikuwa wakifungasha mizigo, na magazeti ambayo hawakutaka kurudi nayo kwao yaliuzwa kwa ratili kwa wenye maduka, yakawa karatasi za kufungia sukari na njugu. Nilifika nyumbani, Msambweni, nikaimimina sukari mkebeni, nikaukunjua ule ukurasa, na mama akaniita hata akachoka.

Ilikuwa picha ya ndege ya vita, ya Wajerumani, ya kupelelezea: kazi yake kwenda kutazama majeshi ya adui yamekaa wapi, kisha kurudi na habari. Nilidhani aliyeichora alikosea. Ule mwili mrefu, wenye injini mbele na mkia nyuma, haukuwa na mtu ndani. Watu walikaa katika chumba cha vioo kilichobandikwa peke yake juu ya bawa la kulia, kama jipu. Na mkia, ambao kwa ndege nyingine huwa na vibawa viwili, huu ulikuwa na kibawa cha kushoto tu. Kulia palikuwa patupu.

Chini ya picha palikuwa na mchoro wa ndege ile kutoka juu, mbele na ubavuni, pamoja na vipimo kwa futi. Kiingereza changu nilijifunza mwenyewe kwa kamusi isiyo na jalada, kwa hiyo maneno ya pale niliyasoma kwa siku kadhaa. Mwisho nikaelewa kwamba kibawa cha kulia kiliondolewa kusudi. Mtu aliyekaa nyuma ya chumba cha vioo alitakiwa aone kila kitu nyuma yake, na kile kibawa kingemziba.

Nikaamua kuiunda, inchi moja kwa futi nne.

Lazima niseme nilikuwa mtu wa namna gani, maana bila hivyo yaliyofuata hayaeleweki. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na kazi yangu ilikuwa kushona kofia za vito. Kofia ile ina vitundu vidogo vinavyozungushiwa uzi, na ua la upande huu lazima lifanane na la upande ule. Nikiona kitundu kimoja kimepotoka, nilifumua hata kazi ya wiki nzima. Hakuna aliyenilazimisha. Wateja hawakuona tofauti. Msikitini nilirudia udhu hadi watu wakarukuu na mimi bado niko birikani, sina hakika kama maji yalifika kisigino. Mwalimu wangu wa chuo cha Kurani aliniambia huo ni wasiwasi, na kwamba wasiwasi ni wa shetani. Nilimsadiki, nikaenda kurudia udhu.

Labda ndiyo sababu ndege ile ilinishika. Ilikuwa kitu kilichopotoka ambacho mtu mwenye akili zake alikipotosha kwa kipimo, kisha kikaruka.

Nilichonga mwili kwa mti wa msufi, kwa kuwa ni mwepesi na unakubali wembe. Nililainisha kwa majani ya msasa, nikapaka rangi. Gundi niliitoa kwenye mkorosho wa jirani, nikaichemsha mpaka ikawa kama asali. Vioo vya kile chumba nilivikata kutoka karatasi nyororo, angavu, za pakiti za sigara. Nilikuwa nikiviweka, navibandua, naviweka tena, hata vidole vikatoka malengelenge. Mama alipita akatazama, akasema, "Hizo kofia zitajishona?" Akaenda zake.

Wakati huo dada yangu, mkubwa wangu, alikuwa amerudi nyumbani kuzaa. Aliolewa kijiji cha Bodo, na ilikuwa mimba ya kwanza, na kwetu mimba ya kwanza mtu huilea kwa mamake. Alikuwa mzito, miguu imevimba, amechoka kulala na amechoka kukaa. Mchana mmoja aliingia chumbani mwangu kutafuta kivuli.

"Hii nini?"

"Ndege."

"Ndege gani? Imeliwa na panya?"

Nilimwambia ndivyo ilivyo. Nikaanza kumweleza habari ya yule mtu wa nyuma na kibawa kilichoondolewa. Hakungoja nimalize.

"Ngalawa ikitoka mrengu mmoja yapinduka," alisema. "Na hii yaruka! Nani alokwambia yaruka? Mwuza sukari?"

Akaanza kucheka. Dada yangu alikuwa na kicheko cha kuambukiza, kinachoanza kwa mabega kabla sauti haijatoka. Aliichukua ndege mkononi, akaiinamisha upande mmoja kama mlevi, akacheka mpaka akashika ukuta. Nami nikacheka. Halafu ikamponyoka. Ilianguka kwa mkia, na ule mwili mrefu ukapasuka karibu na kibawa, ufa mwembamba kama unywele.

Mama aliingia kwa sauti ya kicheko, si ya kuanguka. Aliitazama ndege pale sakafuni, akaitupia kanga yake ikafunikwa yote.

"Unacheka hicho, nawe u mja mzito?"

"Mama, ni ubao tu."

"Ni kitu kilichopungua. Ungekitazama ukanyamaza, si neno. Wewe umekicheka."

Kwetu ndivyo inavyosemwa: mwenye mimba hacheki kilichopungua, kitamfuata tumboni. Nilikuwa nimesikia hayo tangu utotoni na sikuyaamini. Dada hakuyaamini pia, nadhani. Lakini alikaa kitandani kwangu, mkono juu ya tumbo, na hakucheka tena siku ile.

Mimi je? Mimi nilikuwa nafikiria ule ufa.

Niliuziba kwa gundi. Ukikaa mwangani ulionekana, na ukipitisha kidole chini yake ulisikika. Nilivumilia kwa muda, kisha nikaanza upya, ndege nyingine, mti mpya, vioo vipya. Ya pili ilitoka safi. Sijapata kufanya kitu kizuri namna ile, na sidhani nitafanya tena. Niliitundika darini kwa uzi wa kofia. Ile ya kwanza niliisukuma chini ya kitanda, na moyoni mwangu haikuwa ndege tena, ilikuwa jaribio.

Dada alizaa kwa taabu kubwa. Mtoto alikuwa mkubwa, na mkunga alisema bega lilikwama, ikabidi avutwe. Alikuwa mtoto wa kike, mzuri, mwenye nywele nyingi. Mkono wake wa kulia ulilala tu. Ukiuinua na kuuachia ulianguka kama kitambaa.

Mkunga aliyasema ya bega mbele ya wote. Sikuona aliyeyashika. Siku ya arubaini mavyaa wa dada, mama wa mumewe, alikuja kutoka Bodo kumchukua mkazamwanawe na mjukuu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama. Alimfunua mtoto, akaushika ule mkono, akauweka chini polepole. Hakupiga kelele, na nilitamani apige.

"Alitazama nini?" alimwuliza mama.

Mama yangu si mwongo. Alisema.

Mavyaa aligeuka kwangu. "Ewe fundi. Kitu hicho unacho?"

"Ninacho, mama."

"Basi utakileta Bodo. Kitachomwa, mtoto afukizwe kwa moshi wake. Kidole kikitikisika, yamekwisha, sitayataja tena." Alikuwa akimfunga mtoto kanga huku akisema, kwa mikono mizuri, mikono ya mtu aliyelea. "Kisipotikisika, nitawarudishia binti yenu. Mwanangu hawezi kukaa na mke aliyejitakia mwenyewe."

Dada alikuwa ameinama akivaa viatu. Alibaki ameinama.

Siku ya kwenda Bodo nilizitoa ndege zote mbili nikaziweka mkekani. Nilijua ni ipi inayotakiwa. Sina pa kujificha hapo. Iliyochekwa ni ya kwanza, yenye ufa. Niliishika, nikaanza kuikunjia gazeti. Nikafikiri watu watakaokuwapo uani: mavyaa, mashemeji, labda mzee wa kusoma dua. Wataishika kabla ya kuichoma. Watapitisha vidole. Wataona gundi iliyofura penye ufa, na kioo kimoja kilichokaa upogo, na watasema kumbe ndicho hiki, kibao kilichounganishwa, ndicho kilichomwua mtoto mkono. Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Nikairudisha chini ya kitanda, nikaitungua ile ya darini.

Mtu atadhani nilitaka kuiokoa ya kwanza. Ningeweza kuitupa chooni siku yoyote. Nilichoshindwa ni kuonekana nayo. Nilijiambia moto ni moto, na kwa kuwa siamini, kuna tofauti gani? Lakini kama hapakuwa na tofauti, ningeibeba ile mbovu.

Uani Bodo palikuwa na kigae cha makaa na ubani umeshatiwa. Watu hawakuwa wengi. Mavyaa aliipokea ndege kwa mikono miwili, akaigeuza, na nikaona uso wake ukibadilika kidogo.

"Umeiunda wewe?"

"Ndiyo, mama."

"Mikono unayo," alisema, na Mungu anisamehe, nilifurahi.

Akampa dada. "Ndiyo hii?"

Dada aliichukua. Alikuwa amekonda. Aliigeuza chali, akapitisha kidole gumba chini ya ule mwili mrefu, karibu na kibawa, mahali pale pale. Kidole kilikwenda mbele, kikarudi. Kikaenda tena. Kisha akaniangalia.

Sikumbuki kama nilitikisa kichwa. Nadhani niliangalia makaa.

"Ndiyo hii," dada alisema.

Mavyaa aliivunja mabawa kwa goti. Msufi ukikauka huwaka upesi. Vioo vya karatasi vilijikunja, rangi ikatoa moshi mweusi wenye kuwasha macho, na wakampitisha mtoto juu yake, mara huku, mara kule, akakohoa, akalia. Mkono wa kushoto ulipiga hewa. Wa kulia ulining'inia. Sote tulikuwa tunautazama, na mimi, nimekuja kukiri, nilikuwa natazama pia chumba cha vioo jinsi kinavyokwisha.

Mavyaa alingoja. Hakuwa na haraka, na sitasema alikuwa mtu mbaya. Nilisikia kwamba alimkanda mtoto kwa mafuta ya nazi kila siku, asubuhi na jioni. Kidole hakikutikisika. Mahindi yalikuwa yamevunwa dada aliporudi Msambweni na mtoto mgongoni na sanduku lake la arusi kichwani mwa mchukuzi. Mumewe hakuja naye. Karatasi ya talaka ilikuwa imefungwa katika pindo la kanga.

Mama alilia. Dada hakulia. Aliweka mtoto mkekani, akanawa miguu, akaingia chumbani kwangu, mahali alipochekea.

"Ile yenye ufa iko wapi?"

Niliinama nikaitoa chini ya kitanda. Ilikuwa na vumbi na uzi wa buibui. Nilianza kusema. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu kwa miezi: kwamba bega lilikwama, kwamba mkunga alisema, kwamba nimesoma kuwa mtoto akivutwa kwa nguvu mishipa ya shingo huweza kukatika, kwamba ndege zote mbili zilikuwa ubao tu.

"Najua," alisema.

"Sasa kwa nini—"

"Kwa nini hukuleta hii?"

Nikamwambia ukweli. Nikamwambia niliona haya kwa ajili ya ule ufa. Alinitazama kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Nilikuwa nimesimama pale na mwanangu," alisema, "na wewe uliona haya."

Akaichukua, akaenda jikoni. Mama alikuwa amebandika muhogo, na moto ulikuwa hafifu. Dada hakuivunja. Aliisukuma nzima kati ya mafiga, mkia kwanza, akapuliza. Hapakuwa na ubani wala dua. Hakumleta mtoto kwenye moshi. Mtoto alikuwa mkekani uani akijisemesha, na moshi ulikwenda ulikotaka, mwingine kwake, mwingine kwa majirani. Gundi ya mkorosho ilitoa povu penye ufa. Muhogo ukaanza kutokota.

"Haya," dada alisema, akijifuta macho kwa moshi. "Sasa tutajua."

Tulikula ule muhogo.

Nimerudi kwenye kofia. Ule ukurasa wa gazeti ninao bado na sijaunda kitu kingine. Mtoto ameanza kutembea. Hupiga hatua ameegemea upande, akijisawazisha kwa mkono mmoja, na huanguka mara nyingi upande wa kulia kwa kuwa hana wa kujizuia nao. Dada hunisemesha mambo ya nyumbani, chumvi imekwisha, mlango ufungwe, basi. Siamini kwamba kicheko huingia tumboni, wala kwamba moshi wa msufi huponya mshipa. Lakini kila asubuhi, kabla sijashika sindano, nakaa kizingitini nikiutazama ule mkono. Nautazama kidole kwa kidole, kuanzia gumba. Nikifika cha mwisho, sina hakika kama nimetazama vizuri, naanza tena.