Sehemu ya Pili ya Wimbo wa Taifa

Mwaka huu nilipewa kazi ya kubeba mabenchi ya wageni, kwa hiyo nimekua. Hapa Kamina hivyo ndivyo sikukuu ya uhuru inavyokupima: kwanza unabebwa mgongoni kwenda kuitazama, halafu unaipigia gwaride mbele ya jukwaa, mwisho unaibebea mabenchi. Wanaoyakalia ni watu wengine kabisa.

Nilipokuwa mdogo, niliamini kwamba tarehe thelathini ya mwezi wa sita ni siku ya kuzaliwa ya treni. Msinicheke. Sisi ni watu wa kambi ya reli, na asubuhi hiyo mashine zote zilizoegeshwa stesheni zililia kwa pamoja mpaka mbwa wakaingia chini ya vitanda. Mtu gani mwingine angepigiwa kelele kama ile? Mama alinipaka mafuta nikang'aa kama sufuria mpya, tukaenda kuwatazama kina mama wakicheza. Walivaa vitenge vyenye kichwa cha Rais, kimoja kifuani na kingine nyuma, na walipochoka walikikalia kile cha nyuma bila wasiwasi wowote. Mimi nilingoja biskuti. Uhuru kwangu ulikuwa biskuti nne na kikombe cha maji mekundu yenye sukari.

Kadiri nilivyokua, biskuti zilipungua. Zikawa mbili, zikawa nusu, zikawa hotuba. Maji yalibaki, ila wekundu ulikwenda zake. Halafu vita vikaja, vikapita Kamina kwa kasi ambayo treni zetu zilikuwa zimekwisha kuisahau. Tulilala Zaire, tukaamka Congo. Askari wapya waliovaa buti za mpira walitueleza kwamba bendera si ile tena, na wimbo si ule tena.

Huo wimbo mpya ulikuwa wa zamani. Ndio waliouimba wazazi wetu walipokuwa watoto, kabla haujakatazwa. Walimu walikuna vichwa. Mmoja alianza vizuri sana, akafumba macho, akamalizia na wimbo wa kanisani. Zilikuwa zimebaki wiki chache kufika sikukuu.

Baba yangu aliukumbuka wote. Yeye ni mkuu wa treni, mtu mpole wa maneno machache, ambaye kazi yake yote ameifanya kwa bendera mbili: ya kijani, treni inaondoka, nyekundu, inasimama. Directeur, mkuu wa shule yetu, alikuja nyumbani akiwa ameshika kofia mkononi kumwomba atufundishe. Baba akaja uwanjani na bendera zake. Kijani, tunaimba. Nyekundu, tunafunga mdomo, hata kama neno liko nusu. Watoto wa kambi hawakuhitaji kuelezwa mara mbili. Bendera hizo tulizijua kabla ya kujua a-e-i-o-u. Sikuwahi kumwona baba akiwa na furaha kama siku zile. Alinyoa ndevu kila asubuhi.

Siku tano kabla ya sikukuu akatumwa kwenda Bukama na treni ya askari.

"Badogo banajua kipande ya kwanza," akaniambia. "Ya pili, weye njo utabafundisha. Hapana muchezo."

"Minyi, papa? Minyi siwezi fanya muchezo."

Alinitazama kama anavyotazama gurudumu lenye ufa, lakini hakuwa na mtu mwingine.

Sasa, wimbo wa taifa ni wa Kifaransa, na wale wadogo hawakujua Kifaransa hata cha kuombea maji. Siku ya kwanza walitafuna maneno, wakalia. Siku ya pili, ili wacheke kidogo, niliwapa maneno yangu, ya ugali na kisamvu, juu ya muziki uleule: *Bukari iko moto, sombe haina chumvi, Directeur anakula nyama, shiye tunalamba sahani.* Walishika yote kabla ya kengele kulia. Waliimba kwa moyo, vifua mbele. Nilipanga kuwafundisha maneno ya kweli siku ya mwisho. Siku ya mwisho askari walilala kwenye uwanja wa shule, mazoezi yakafutwa, na baba akarudi na treni asubuhi ya sikukuu yenyewe, macho mekundu, shati safi.

Nilimkuta karibu na jukwaa, anazikunjua bendera zake. Directeur alikuwa amekaa mstari wa mbele, kando ya komanda wa askari wapya. Shule nzima ilikwisha kupangwa.

"Papa, bakifika kipande ya pili, ubasimamishe."

"Juu ya nini?"

"Haiko ile yako."

"Iko ya nani?"

"Yangu."

Akainama. "Inasema nini?"

Nikamwimbia sikioni, polepole. Alimtazama Directeur, akamtazama komanda na watu wake wenye bunduki, akanirudia mimi.

"Bote banaijua?"

"Bote, papa. Banaijua muzuri."

Baba alipanda kwenye sanduku alilowekewa mbele ya watoto, akainua ile ya kijani. Sehemu ya kwanza ilitoka nzuri mpaka mama mmoja mzee akajifuta macho kwa kona ya kitenge. Wadogo walivuta pumzi kwa ajili ya ya pili, na hapo nyekundu ikapanda. Midomo yote ikafungwa mara moja. Sauti moja tu ya mbele ilitoka, "Buka...", ikajimeza yenyewe. Komanda akapiga makofi. Wote wakapiga makofi.

Directeur alimfuata baba na karatasi mkononi. "Papa, hapakuwa na kipande ya pili?"

"Mwaka kesho," baba akajibu.

Niliomba anipige, yaishe. Hakunipiga. Mchana, wakati harufu ya nyama inatoka kila dirisha la kambi, alisema tu, "Tutembee." Tukaenda nyumba kwa nyumba, kila yenye mtoto wa madarasa yale ya wadogo. Mlangoni ilinipasa kusema, "Nilifundisha mutoto wenu vibaya, nakuja kumufundisha muzuri." Halafu niimbe sehemu ya pili, ya kweli, mbele ya watu wanaotafuna. Mama mmoja alikataa kusikia nzuri kabla ya kusikia mbaya. Baba aligeuka kutazama paa la jirani, nikamwimbia mama huyo ile mbaya, naye akacheka mpaka akashika ukuta. Kwa mfanyabiashara mmoja, Mwislamu wa kutoka Maniema, walisisitiza tukae na kula kwanza. Baba alikataa kula. Nami nikakataa, kwa uchungu mkubwa.

Njiani nilimuuliza amewezaje kukumbuka wimbo wote miaka hii yote.

"Ile mwaka ya uhuru nilikuwa na miaka tisa," alisema. "Balinichagua kuimba mbele. Siku yenyewe balinitosha inje ya mustari, juu sikukuwa na viatu. Niliimbia nyuma ya lupango, ile ukuta ya uwanja." Akatembea kidogo. "Leo njo nilikuwa mbele."

Nina jibu kwa kila kitu, waulize walimu wangu. Mlango uliofuata niliugonga mwenyewe, kabla hajaniambia.

Kwenye nyumba ya mwisho mtoto alikuwa amelala na homa, mama yake akatuomba tusimwamshe. Baba akageuka kuondoka. Nilibaki barabarani, nikanyoosha mikono ubavuni, nikaimba sehemu ya pili yote, mwanzo mpaka mwisho, kwa sauti ya chini ili mgonjwa asiamke. Baba alisimama wima, kofia kifuani, mpaka neno la mwisho.

"Umekosa mara moja," alisema. "Twende. Mama yako anatungoja na nyama."